Risasi ya Kalamu

Handeni,
2 Aprili 2001

Mpwa wangu Shadya,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Sisi wazima, ila mvua inatuchezea tu. Juzi imenyesha upande wa Kwaluguru, huku mjini tukaambulia mawingu na vumbi. Mkazamjomba wako Hamisa hajambo. Kuku wake wamefika kumi na saba na jogoo mmoja amehamia ofisini kwangu, anawika wateja wakiingia.

YAH: UZEMBE WA KOMPYUTA

Nakuandikia kulalamika. Mashine uliyonichagulia mwaka jana ni mzembe. Nikichapa, herufi zinapotea. Wiki iliyopita nimerudishiwa mkataba wa shamba: neno "mpaka" limetoka "mpka" mara nne, na mzee wa watu Lengai, mwenye ng'ombe wake wote wale, amekuwa "Legai". Nimeona aibu. Miaka thelathini na moja nimepiga taipu shirikani, maneno sitini kwa dakika bila kutazama vidole, mpaka shirika likauzwa na sisi tukapunguzwa, na sijawahi kurudishiwa karatasi hata moja. Kwa hiyo kosa si langu. Mimi nakwenda, mashine inabaki nyuma inakokota miguu.

Nimesikia zimetoka prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, za megahezi elfu moja. Yangu ni ya mia sita. Hebu niambie: nibadilishe prosesa tu, ninunue mashine nyingine, au ipo njia ya kuipa hii hii mwendo? Kuna mama mmoja amefungua ofisi ya kuchapa jirani na stendi. Ana kompyuta mbili na feni ya dari. Siwezi kukaa nikitazama.

Jibu upesi. Usije, barabara imeharibika. Andika tu.

Ni mimi mjomba wako, subira imenishinda,
Mdoe


Korogwe,
14 Aprili 2001

Mjomba, shikamoo.

Na mkazamjomba Hamisa mpe shikamoo yake, umwambie kuku wakifika ishirini nakuja mwenyewe kuwapunguza.

Huku hatujambo. Mama yuko Kerenge na mahindi yake, alishikwa na mafua wiki moja, sasa amepona na amerudi shambani kugombana na nyani. Jirani yangu Raheli amejifungua mapacha, wote wa kike, nyumba nzima hailali. Filemoni, mwenye chuo cha kompyuta ninapofundisha, ameongeza darasa la jioni, basi nafundisha mpaka sauti inakauka.

Halafu kuna jambo dogo, nalitia humu humu kwenye habari za nyumbani maana naona haya kuliweka peke yake. Duka moja la Dar es Salaam linalounganisha kompyuta limeniita kazini. Kazi ya ufundi kweli, mjomba, ya kufungua na kufunga, si hii ya kuwafundisha watu wazima kushika mausi. Wananisubiri mpaka mwisho wa Juni. Mama anasema kwetu mjomba ndiye mwenye neno, ukikubali wewe naye amekubali. Basi nasubiri neno lako. Tangu barua yao ifike sikai kitako. Nafundisha huku macho yangu yako kwenye kalenda.

Haya, sasa mashine yako.

Nisamehe, lakini nina mashaka. Prosesa ya megahezi mia sita inapiga mapigo milioni mia sita kwa sekunde moja. Wewe kwa sekunde hiyo hiyo unapiga herufi tano, sita ukiwa umekasirika. Hakuna mpiga chapa duniani wa kuiacha nyuma. Hizo herufi zinapotelea kwingine. Ipindue kibodi uikung'ute kwanza, pengine imejaa vumbi la Handeni.

Ukiniuliza faida ya prosesa mpya, nakuambia ukweli wa fundi. Hiyo ya elfu moja itaingia kwenye tundu lile lile, lakini hutaona tofauti. Anayeiona ni mtu anayechora ramani za majengo, au anayecheza ile michezo ya kufukuzana kwa magari. Mkataba wa shamba hauna haraka hiyo. Mashine nzima nyingine ndiyo usifikirie kabisa. Njia ya tatu ni kuichochea hiyo hiyo, yaani kuilazimisha ikimbie kuliko walivyoiruhusu kiwandani. Ya kwako ni ya aina inayokubali kuchochewa, hapa chuoni nimeipandisha moja ya mia sita ikafika mia tisa, na mpaka leo inadunda. Lakini inapata joto, na ikikosewa inakufa. Ingekuwa mimi nisingehangaika. Niruhusu nije Jumamosi niitazame.

Mpwa wako anayengoja,
Shadya


Handeni,
30 Aprili 2001

Mpwa wangu Shadya,

Rejea barua yako ya tarehe 14 Aprili. Salamu zimefika, nasi tunazirudisha. Hamisa mzima. Mahindi ya huku yamenyauka, tumebaki na mihogo.

YAH: KUCHOCHEA

Kibodi nimeikung'uta. Imetoka punje ya mchele na miguu ya mende. Herufi bado zinapotea, kwa hiyo shauri lako la kwanza limeshindwa.

Sasa wewe mtoto unaniambia mimi sichapi haraka? Mimi niliyechapa hotuba ya mkuu mzima wa wilaya yeye akiwa anapanda jukwaani? Usinifundishe kuchapa. Nimeamua tuichochee. Kama kuna mwendo mle ndani na kiwanda kimeubana, basi ni mwendo wangu, utolewe. Niandikie maelezo hatua kwa hatua, kwa herufi kubwa, nafasi mbili kati ya mistari kama inavyotakiwa katika nyaraka.

Wateja wawili wamehamia kwa yule mama wa stendi. Mmoja ni Naisenya, niliyemchapia barua zake zote tangu nifungue ofisi. Amepita mbele ya mlango wangu na bahasha kwapani asinisalimie. Yameniuma hayo, sikufichi.

Usije Jumamosi, wala siku nyingine. Maelezo yanatosha.

Mjomba wako,
Mdoe


Korogwe,
12 Mei 2001

Mjomba, shikamoo.

Shikamoo na kwa mkazamjomba. Mapacha wa Raheli wameanza kucheka, mmoja akicheka mwenzake analia. Mama amekuja kutoka Kerenge na kapu la maharage mabichi, amelala kwangu siku mbili. Akaniuliza kama umenijibu lile jambo la Dar es Salaam. Nimemwambia barua ziko njiani. Mjomba, ziko njiani? Maana wewe nakujua, ukikataa husemi hapana, unanyamaza. Ulinyamaza wiki nzima nilipotaka kuacha ualimu nikasome kompyuta, mpaka mama akaja kukulilia. Kama umekataa, niambie umekataa. Nikikuuliza mara ya tatu nitaonekana sina adabu, kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho. Zimebaki wiki saba.

Haya, tuchochee.

Zima mashine, chomoa waya ukutani, ngoja ipoe. Fungua feni uiweke pembeni. Chini yake ndipo ilipo prosesa. Nyanyua kishikizo cha ubavuni, itatoka yenyewe, usiivute. Juu yake utaona vidoti vya rangi ya dhahabu, viwili viwili, pembeni pameandikwa L1. Hivyo ni vidaraja vinne, na kiwandani wamevikata makusudi. Kwa sasa prosesa yako inazidisha mia moja mara sita, na haikubali hesabu nyingine. Vidaraja vikiungana, utaweza kuiamuru izidishe mara nane, hata mara tisa.

Chukua kalamu ya risasi, ichonge mpaka ichongoke. Unganisha kila daraja kwa risasi, taratibu, moja moja, risasi ya daraja hili isiguse ya jirani yake. Ukikosea, futa kwa ufutio uanze upya. Ukimaliza, irudishe prosesa tunduni, paka juu yake ile dawa nyeupe ya kupoza niliyokufungia kwenye karatasi, rudisha feni, washa. Nimekuandikia kwenye karatasi ya pili vitufe vya kubonyeza ili uongeze hesabu. Anza na mara nane, uisikilize siku tatu. Ikizimika yenyewe, rudi mara saba.

Nimeandika kwa herufi kubwa kama ulivyoagiza, mkono umeniuma. Na bado nasema huo mwendo hautakusaidia. Nikija mwenyewe ni kazi ya nusu saa. Kwa nini hutaki nije?

Shadya


Handeni,
24 Juni 2001

Mpwa wangu Shadya,

Hapa kwema, ila kuku wanne wamekufa kwa kideri na jogoo wa ofisini ni mmoja wao.

YAH: MAELEZO YAKO YA TAREHE 12 MEI

Kompyuta imekufa. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika asishike barua.

Maelezo yako tumeyafuata neno kwa neno. Uliagiza vidaraja viunganishwe kwa risasi. Basi Isihaka, fundi redio wa hapa mlango wa pili, mtu ambaye mkono wake haupapasi, akawasha chuma chake, akayeyusha risasi, akavidondoshea moja moja kama ulivyosema. Vidaraja vinne vikawa bonge moja. Tukafunga, tukawasha. Ikatoa harufu ya unyoya ulioungua, kisha kimya. Isihaka amekaa siku mbili ameshika tama, anasema hajawahi kuua kitu cha mtu. Hebu niambie wewe, ni fundi gani anayewaagiza watu wayeyushe risasi juu ya kitu chenye upana wa kidole gumba? Huko chuoni mnafundishwa na watu wazima kweli?

Nimerudi kwenye taipureta yangu ya zamani. Yenyewe haina megahezi wala vidaraja, na haijawahi kunisaliti. Yule mama wa stendi nasikia ameongeza kompyuta ya tatu. Sijui nitakwenda wapi na mikono hii. Haijui kazi nyingine.

Ja,osa amalisa;o,i sama.

Mjomba wako,
Mdoe


Korogwe,
1 Julai 2001

Mjomba, shikamoo.

Leo sina habari za nyumbani. Nakwenda moja kwa moja, na adabu nitaiomba radhi baadaye.

Risasi ya kalamu, mjomba! Ya kalamu! Ile nyeusi ya kuandikia, si risasi ya fundi redio! Nimeandika "chukua kalamu ya risasi, ichonge". Nimeandika ukikosea ufute kwa ufutio. Nani anafuta chuma kilichoyeyuka kwa ufutio? Wenzangu hapa wote wanasema penseli. Mimi nimesema kalamu ya risasi kwa sababu ndivyo unavyosema wewe. Wewe ndiye uliyenikalisha mezani kwako nikiwa darasa la kwanza ukanipa ya kwanza, ukaniambia, "Kalamu ya risasi haina aibu, ukikosea unafuta." Neno ni lako. Ungelisoma kwa macho yako mwenyewe usingekosea hata ukiwa usingizini.

Nilikuwa na hasira mpaka nikafika kwenye mstari wako wa mwisho. Mwanzoni nikadhani mzaha. Kisha nikakaa mbele ya kibodi, nikaweka vidole kama ulivyonifundisha, nikausogeza mkono wa kulia kitufe kimoja, nikachapa "Hamisa anakusalimu sana". Umetoka mstari wako ule ule, herufi kwa herufi. Mkono wako ulihama kitufe kimoja, mjomba, ukachapa sentensi nzima na hukujua. Wewe! Mtu aliyekuwa akirarua ukurasa mzima kwa sababu ya nukta moja.

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga. Herufi zilizopotea. Andika kwa herufi kubwa. Usije, usije, usije. Prosesa haikuwa na kosa tangu siku ya kwanza.

Mjomba, unaona?

Na barua zangu, nani anakusomea?

La mwisho. Jana ilikuwa ndiyo mwisho wa Juni. Wiki iliyopita niliwaandikia wale wa Dar es Salaam kwamba siji, kwa sababu mjomba wangu amenyamaza na nimemwelewa. Nililia mbele ya darasa, nikasingizia mafua. Nilikukasirikia sana, mjomba, sana. Sasa sijui hata nikukasirikie au nifanye nini. Nijibu kwa kinywa chako, hata kama ni kwa mkono wa mtu.

Shadya


Handeni,
15 Julai 2001

Mpwa wangu Shadya,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa mkazamjomba wako Hamisa. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameapa kuandika yote.

Sioni.

La kushoto limefungwa kabisa. La kulia, ni kama natazama watu kupitia maziwa. Daktari aliniambia tangu Februari, mtoto wa jicho, yote mawili, akataka kunipeleka kupasuliwa. Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri, niliogopa. Nikajisemea, mpiga chapa haangalii vidole, nani atajua? Na herufi zikipotea, nitasema mashine. Nilijisemea hivyo mara nyingi mpaka nikaamini. Nikaitafutia dawa ya mwendo mashine nzima, ugonjwa uko kwangu.

(Mimi Hamisa naandika la kwangu hapa. Miezi mitano mume wangu ananiambia miwani ina mikwaruzo. Nimeipangusa hiyo miwani kila asubuhi kama mpumbavu.)

Barua zako alikuwa akinisomea Isihaka. Nilimwapisha asimwambie mtu. Nilimwambia soma upesi, mteja asije akatukuta, salamu ruka, nenda kwenye mashine. Yeye anaona "risasi", anasema ahaa, hiyo kazi yangu, anakunja karatasi. Na wewe, kwa malezi yako mazuri tuliyokupa sisi wenyewe, jambo kubwa kuliko yote ya maisha yako umelitia kwenye salamu.

Leo nimempa Hamisa barua zako zote tatu anisomee tangu shikamoo. Alipofika pale uliponiuliza kama barua ziko njiani, akaacha kusoma. Nikadhani amechoka.

(Sikuchoka. Nilikuwa nalia.)

Shadya, mimi sikukataa. Sikujua kama nimeulizwa. Umekaa miezi miwili ukinisubiri, mimi niko hapa nagombana na kompyuta. Nimekukosea, mwanangu, na naliona hilo bila macho. Ile wiki niliyonyamaza zamani, ulipotaka kusoma, ndiyo iliyokufundisha kunielewa vibaya safari hii, na hilo nalo ni langu.

Sasa nisikilize. Napelekwa hospitali tarehe 6 Agosti, jicho la kulia kwanza. Hamisa atanipeleka. Wewe usije. Safari hii nasema usije kwa sababu nyingine: ukija utaniona nimefungwa bandeji, utasema nitakaa na mjomba mpaka apone, na baada ya hapo utasema mpaka la kushoto lipone, na mwaka utakwisha. Macho yangu usiyafanye kisingizio. Mimi mwenyewe nimeyafanya kisingizio ya kutosha.

Nenda posta leo, mpigie simu huyo mwenye duka. Akisema nafasi ipo, panda basi. Akisema imejaa, panda basi hivyo hivyo, ukakae mlangoni kwake mpaka aone aibu. Mwonyeshe unavyoweza kuipandisha ya mia sita ikafika mia tisa kwa kalamu ya risasi.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine. Hiyo nimeichapa mwenyewe kwenye taipureta. Hamisa aliniwekea vidole mahali pake, kisha akaisoma mara mbili, anasema haina kosa. Ina moja, la tarehe, na nimelifanya makusudi. Miaka thelathini na moja ofisini sikuwahi kuandika tarehe ya uongo kwenye waraka, hata nilipoamriwa na wakubwa. Hii ndiyo ya kwanza.

Mjomba wako,
Mdoe
(na Hamisa)


Handeni,
20 Aprili 2001

Mpwa wangu Shadya,

Marahaba.

YAH: RUHUSA

Barua yako ya tarehe 14 Aprili imefika, na nimeisikiliza yote kuanzia salamu. Pole kwa mafua ya mama yako. Hongera kwa mapacha wa jirani yako Raheli.

Umeomba neno langu. Neno langu ni nenda. Nenda Dar es Salaam ukafanye kazi ya ufundi, na mwambie mama yako kwamba mjomba amekubali bila sharti lolote na kwa furaha kubwa.

Nimekujibu siku ile ile niliyojua umeniuliza.

Mjomba wako,
Mdoe